Programu inayojifunza na unga unaokamata harufu: hataza moja au mbili?

Swali: Mimi na mwenzangu tumefanya kazi miaka mitatu na sasa tuna vitu viwili. Cha kwanza ni unga tunaoupaka kwenye kitambaa cha kichujio cha hewa. Unakamata harufu ya amonia na pia harufu ya vitu vilivyooza. Cha pili ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na data. Inasoma vihisio vilivyo mbele na nyuma ya kichujio, kisha inakadiria kichujio kitachoka lini. Programu ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyotupendekezea viwango vya kuchanganya unga. Rafiki yetu anasema programu hazipewi hataza, na kwamba hata unga haufai kwa kuwa mkaa wa kuondoa harufu upo tangu zamani. Mwezi ujao tumealikwa kuonyesha kazi yetu hadharani. Tuombe hataza moja au mbili, au tuache?

Jibu:

Nianze na maonyesho ya mwezi ujao, kwa sababu hayo peke yake yanaweza kufuta mengine yote. Kama hamjawasilisha ombi la hataza, msiende kueleza unga una nini ndani yake, ulichomwa kwa joto gani, wala programu inasoma nini. Msigawe sampuli, hata kijiko kimoja. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wake kwa muda, hutolewa kwa kitu kipya, na upya hupimwa dhidi ya kila kilichokwisha kuwekwa hadharani popote duniani, kikiwemo kile mlichokitangaza ninyi wenyewe. Marekani humsamehe mvumbuzi aliyejitangaza kwa muda wa mwaka mmoja. Japani nayo humpa mwaka. Ofisi ya Hataza ya Ulaya haina msamaha huo, isipokuwa katika hali mbili finyu ambazo sioni kama zitawahusu. Anayeegemea msamaha wa nchi moja huwa amejifungia mlango wa nchi nyingine.

Nimewahi kuketi na watu wawili waliokuwa na data safi kabisa kuhusu kitambaa chao, na ikanibidi niwaambie kwamba bango walilobandika kwenye mkutano miezi minne kabla lilikuwa limeshawapokonya sehemu kubwa ya dunia. Bango lenyewe lilikuwa na grafu moja tu. Lakini chini ya grafu, kwa herufi ndogo, waliandika joto la kuchomea na muda wake, na hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya uvumbuzi wao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Dawa yake si kukataa mwaliko. Wasilisheni ombi kwanza, hata siku moja kabla. Chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, tarehe ya ombi la kwanza huwashikia nafasi kwa miezi 12 katika nchi nyingine wanachama. Ndani ya miezi hiyo mnaweza kufungua ombi la kimataifa chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, uliotiwa saini mwaka 1970 na unaosimamiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani kule Geneva. Mkataba huo hauwapi hataza ya dunia nzima, kwa sababu kitu cha namna hiyo hakipo. Unachowapa ni muda: kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ile ya kwanza kabla hamjalazimika kulipia nchi moja moja. Ila shikeni jambo moja. Tarehe ya kwanza hulinda kile tu kilichoandikwa siku ile. Ombi lililoandikwa haraka linaweza kuwa na sura mbaya, likachongwa baadaye. Likikosa takwimu za unga, huwezi kuzichomeka miezi kumi baadaye na kudai zilikuwepo tangu mwanzo.

Sasa huyo rafiki. Amesikia mambo ya kweli, lakini ameyabeba nusunusu. Niuchukue unga kwanza, maana huko ndiko ninakoona nguvu yenu kubwa.

Ni kweli kwamba mkaa na harufu ni marafiki wa siku nyingi. Mkemia wa Scotland, John Stenhouse, alitengeneza kinyago cha kupumulia chenye mkaa mwaka 1854, na mwaka 1915 Nikolay Zelinsky kule Urusi alitumia mkaa amilifu katika vinyago vya kujikinga na gesi za vita. Siri ya mkaa huo ni nafasi: gramu moja ya mkaa amilifu inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500, likiwa limekunjwa ndani ya vitundu vidogo mno, na molekuli za harufu zikipita hunasa kwenye kuta za vitundu hivyo. Baadaye zikaja zeolaiti, madini ambayo Axel Cronstedt aliyapa jina mwaka 1756 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mawe yachemkayo, kwa kuwa yalitoa mvuke yalipopashwa moto. Kuna saiklodekstrini, pete za sukari zilizofahamika tangu 1891, ambazo tundu lao la katikati hukumbatia molekuli zisizopenda maji; kampuni ya P&G ilizitumia katika Febreze, dawa yake ya kupuliza ya kuondoa harufu. Kuna titani dioksidi, ambayo Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba ikiangaziwa huweza kuvunja maji, na watu wakaendelea mpaka kuvunja harufu kwa mwanga. Na kuna zile fremu za metali na kaboni zilizowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025, ambazo baadhi yake zina eneo la ndani linalopita mita za mraba 7,000 kwa gramu.

Mkaguzi wa hataza atawawekea hayo yote mezani na kuwauliza: ninyi mmeongeza nini? Mkijibu kwamba unga wenu unaondoa harufu, hamna kitu. Jibu lenu, kwa jinsi mlivyoeleza, liko kwenye neno "pia". Mnasema unakamata amonia na pia harufu za kuoza. Hapo nilikaa wima.

Amonia ni molekuli ndogo, ni besi, yaani kinyume cha asidi, na mkaa mtupu huishika kwa ulegevu. Ndiyo maana watengenezaji huuloweka mkaa kwenye asidi wakitaka ukamate amonia. Hidrojeni salfaidi, ile ya yai viza, ina tabia ya kinyume: ni asidi dhaifu, na hukamatwa vizuri zaidi na mkaa uliotiwa besi au oksidi za metali. Ukitia asidi na besi kwenye unga mmoja, vinatafutana na kumalizana kabla harufu haijafika. Kwa hiyo unga mmoja unaoshika pande zote mbili bila kujila wenyewe ni tatizo la kweli, na kama mmelitatua, mkaguzi hawezi kulifutia mbali kwa kutaja mkaa wa 1854. Lakini lazima muoneshe mmelitatua vipi. Je, chembe za asidi zimetengwa na chembe za besi kwa ganda fulani? Zimekaa kwenye vitundu vya ukubwa tofauti? Kuna metali inayoshika salfa bila kuhitaji besi? Hilo ndilo la kuandikwa, na kama bado hamlijui kwa hakika, andikeni angalau jinsi ya kuutengeneza unga hatua kwa hatua, kiasi kwamba mkemia mwingine mwenye ujuzi wa kawaida akifuata atafika mlipofika.

Halafu kuna majaribio. Hapa watu wengi hukosea kwa kupima kile kinachowapendeza. Pimeni kwa kulinganisha: uzito ule ule wa mkaa amilifu wa dukani, uzito ule ule wa kila kiungo chenu kikiwa peke yake, kisha mchanganyiko. Mchanganyiko ukikamata kiasi kinacholingana tu na jumla ya sehemu zake, mkaguzi atasema mtu yeyote wa fani angefikiria kuchanganya. Ukikamata zaidi ya jumla hiyo, mmepata hoja ya kusimamia. Pimeni pia nje ya viwango vyenu. Kama mnadai uwiano wa sehemu tatu hadi tano, onesheni kinachotokea kwenye mbili na kwenye sita. Mpaka ambao hamkuuonesha, mshindani atausogeza.

Msisahau unyevu. Hewa ya maabara ni kavu na tulivu, lakini hewa inayonuka kwa kawaida imejaa mvuke wa maji. Zeolaiti nyingi hupenda maji kuliko zinavyopenda harufu, na vitundu vyake hujaa maji kabla ya kitu kingine kuingia. Amonia nayo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo wakati mwingine unyevu husaidia kwa amonia na kuharibu kwa vingine. Kama unga wenu unafanya kazi kwenye unyevu wa asilimia 80, hilo pekee linaweza kuwa dai la kujitegemea, yaani sentensi ya ombi inayosema mnataka kulinda nini, na kama haufanyi, ni bora mjue leo.

Jambo jingine ni pua yenyewe. Harufu haipungui kwa hesabu ya mstari ulionyooka. Hisia ya pua hufuata, kwa kukadiria, logi ya wingi wa molekuli: ukiondoa asilimia 90 ya molekuli, mtu hasemi harufu imepungua kwa asilimia 90, na kwa gesi za salfa, ambazo pua huzihisi zikiwa sehemu chache tu katika bilioni, anaweza kusema haijapungua hata kidogo. Kwa hiyo grafu inayoonesha asilimia 90 ni nzuri kwa kemia lakini haitoshi kwa dai la kuondoa harufu. Ipo njia rasmi ya kutumia pua za watu. Kiwango cha Ulaya cha EN 13725 hueleza jinsi ya kuchanganya hewa inayonuka na hewa safi mpaka nusu ya wanusaji walioteuliwa waweze tu kuitambua. Idadi ya mara ilivyobidi kuizimua ndiyo kipimo cha harufu. Ni kazi ya gharama, na haihitajiki siku ya kwanza, lakini matokeo ya namna hiyo hunyamazisha ubishi mwingi. Na kama unga wenu una kitu chochote chenye manukato, kitoeni kwenye majaribio. Kufunika harufu ni kazi tofauti na kuikamata, na mkaguzi ana haki ya kuwauliza ni lipi mlilofanya.

Kila tarakimu iende na mbinu yake. Mkiandika eneo la ndani la unga, semeni limepimwa kwa naitrojeni kwa mbinu ya mwaka 1938 ya Brunauer, Emmett na Teller, na semeni unga ulikaushwa kwa joto gani kabla ya kupimwa. Nimeona hataza ikivunjwa mahakamani si kwa sababu uvumbuzi ulikuwa mbaya, bali kwa sababu namba moja ndani ya dai ingeweza kupimwa kwa njia mbili zenye majibu mawili.

Madai ya unga yapangeni kama vyandarua vilivyowekwa kimoja nyuma ya kingine: kwanza unga kwa upana mnaoweza kuutetea, kisha viwango vyembamba, kisha njia ya kuutengeneza, kisha kitambaa kilichopakwa, kisha kichujio kizima. Cha mbele kikitobolewa, kinachofuata bado kinashika.

Tuje kwenye programu. Rafiki yenu amelisikia hili kutoka mahali fulani, na si uongo. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973, katika ibara ya 52, unasema wazi kwamba mbinu za hisabati na programu za kompyuta si uvumbuzi. Ila sentensi haiishii hapo: inaongeza kwamba katazo ni kwa vitu hivyo vikiwa vyenyewe tu. Nafasi nzima ya wavumbuzi wa programu imo ndani ya kipande hicho cha sentensi. Mwaka 1986 bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika shauri la Vicom, ilikubali mbinu ya kuchakata picha za dijitali ingawa ndani yake kulikuwa na hisabati tupu, kwa kuwa hisabati hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya kiufundi.

Marekani wamepita njia yao wenyewe, na hapo kuna kesi ambayo ninyi mnapaswa kuijua vizuri. Mwaka 1972, katika Gottschalk dhidi ya Benson, Mahakama ya Juu ilikataa hataza ya njia ya kugeuza namba ndani ya kompyuta kutoka mfumo mmoja wa kuziandika kwenda mwingine: hesabu tupu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1981, ikaja Diamond dhidi ya Diehr. Diehr na mwenzake walikuwa wakiivisha mpira ndani ya kalibu. Walipima joto la ndani ya kalibu mfululizo, kompyuta ikapiga hesabu upya kila mara kwa mlinganyo wa Arrhenius, unaoeleza jinsi joto linavyoharakisha mmenyuko, uliojulikana miaka mingi, na muda ulipofika kalibu ikafunguka yenyewe. Mlinganyo haukuwa mpya, wala kompyuta haikuwa mpya. Majaji watano dhidi ya wanne walisema huu ni mchakato wa viwandani na unastahili hataza.

Isomeni tena kesi hiyo mkiwa na kichujio chenu mkononi. Vihisio vyenu ni kipimajoto chao. Programu yenu ni mlinganyo wao. Mnachokosa ni kalibu inayofunguka. Kwa maelezo yenu, programu inakadiria kichujio kitachoka lini, basi. Namba inatokea kwenye kioo. Namba kwenye kioo ni habari, na habari hailindwi kwa urahisi. Lakini kama makadirio hayo yanafungua vali na kuelekeza hewa kwenye kichujio cha pili, au yanawasha joto la kukisafisha kichujio cha kwanza kabla harufu haijavuja, hapo mna mfumo unaofanya kitu kwa hewa yenyewe. Kama kifaa chenu bado hakifanyi hivyo lakini mnajua jinsi ya kukifanya kifanye, kielezeni kwenye ombi sasa hivi.

Nasisitiza hili kwa sababu mlango umezidi kuwa mwembamba. Mwaka 2014, katika shauri la Alice, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kuchukua wazo la kawaida na kuliendesha kwenye kompyuta hakutoshi. Mwezi Aprili 2025, mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza nchini humo ilitoa uamuzi katika shauri la Recentive dhidi ya Fox, kuhusu hataza za kupanga ratiba za matukio na matangazo ya televisheni kwa ujifunzaji wa mashine, yaani programu zinazojifunza kutokana na data kama yenu. Ilisema kwamba kuchukua mbinu za kawaida za ujifunzaji wa mashine na kuzilisha data za fani mpya, bila kuboresha mbinu zenyewe, hakustahili hataza. Msijifariji kwa kusema hakuna aliyewahi kuzitumia kwenye vichujio vya harufu. Hoja hiyo ndiyo hasa iliyokataliwa.

Kwa hiyo jiulizeni kama ndani ya programu yenu kuna kitu ambacho mlilazimika kukivumbua kwa sababu ya harufu. Pua za elektroni si jambo la jana: Persaud na Dodd walieleza moja mwaka 1982, vihisio kadhaa visivyo makini vikisomwa kwa pamoja kama muundo mmoja. Tangu hapo kero ni zile zile. Vihisio vya oksidi ya metali huyumba kadiri siku zinavyokwenda, na hudanganywa na unyevu. Mmewezaje kuitambua tofauti kati ya kichujio kilichochoka na kihisio kilichochoka? Kama mmeona kwamba kulinganisha kihisio cha mbele na cha nyuma kwa namna fulani kunafuta myumbo huo, au kama umbo la mkondo wa amonia kwenye unga wenu linawapa ishara ambayo vichujio vingine havina, hapo kuna uvumbuzi, nao umefungamana na unga. Hilo lingenifurahisha kuliko mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mfano wa ubongo, wenye tabaka nyingi.

Wapo waliopata hataza za mbinu zenyewe. Google wanayo ya kuzima baadhi ya neva kwa bahati nasibu wakati wa mafunzo, iliyotolewa mwaka 2016, na nyingine ya mitandao inayotumia usikivu, yaani inayochagua sehemu za data za kuzingatia zaidi, iliyotolewa 2019. Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa mwenye hataza ya PageRank, ile mbinu ya kupanga kurasa iliyovumbuliwa na Larry Page. Google walilipia leseni kwa hisa, na chuo kilipoziuza kilipata takriban dola milioni 336. Naitaja ili mwone kwamba hataza ya algoriti inaweza kuwa na thamani kubwa. Lakini wale walibadilisha jinsi mashine inavyofanya kazi, nanyi, kwa mliyonieleza, mmeitumia mashine kwa ustadi.

Na kuna mtego wa pili ambao wengi hawauoni. Hataza ni mapatano: umma unakupa miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha, nawe unaufundisha umma jinsi ya kufanya. Mwaka 2020 bodi ya rufaa ya ofisi ya Ulaya, katika uamuzi T 161/18, iliangalia ombi la kukadiria kazi ya moyo kutokana na shinikizo la damu kwa kutumia mtandao wa neva. Ombi lilisema mtandao ufunzwe kwa data zinazofaa, basi. Halikueleza ni data za namna gani. Likaanguka kwa kutofundisha vya kutosha. Mkiomba hataza ya programu, itabidi mweleze data zenu: vihisio gani, vipimo vingapi, vichujio vya umri gani, vilichoshwaje. Mko tayari kuyatoa hayo?

Hapo ndipo ninapofika kwenye ushauri wenyewe. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mshindani akikinunua kifaa chako na kukipasua, atajua ulichofanya? Unga atajua. Ataupima kwa eksirei, ataona fuwele zake, ataona metali zilizomo, na ndani ya wiki chache atakuwa na nakala inayokaribiana. Unga hauwezi kufichwa, kwa hiyo ulindwe kwa hataza. Programu iliyofunzwa, kama inakaa kwenye seva yenu na kifaa kinatuma tu vipimo na kupokea jibu, hawezi kuipasua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Data zenu za miaka mitatu za vichujio vilivyochoka ndizo mali ngumu kuigwa, na ningeziweka kuwa siri ya biashara: wachache wazione, mikataba ya kutunza siri isainiwe, kumbukumbu za nani alizigusa zitunzwe. Siri ambayo haikulindwa kwa vitendo, mahakama haiiti siri. Maandishi ya programu yenyewe yana hakimiliki tangu yalipoandikwa, bila kuomba, ingawa hakimiliki haimzuii mtu kuandika programu nyingine inayofanya kazi ile ile.

Basi hesabu yangu ni hataza mbili, na siri moja. Ombi la kwanza ni la unga, kitambaa na njia ya kutengeneza. La pili ni la mfumo: unga ndani ya kichujio, vihisio viwili, ulinganishaji unaofuta myumbo, na kitendo kinachofuata. Data za mafunzo na uzani wa mtandao, yaani namba ambazo programu imejifunza, vibaki ndani ya nyumba, isipokuwa kile kiasi ambacho ombi la pili haliwezi kusimama bila hicho. Mngeweza kuviandika vyote katika hati moja siku ya kwanza ili vipate tarehe moja, na hilo ningelifanya kama muda ni mfupi. Lakini baadaye mtatakiwa kuvigawa, kwa sababu ombi moja linapaswa kubeba uvumbuzi mmoja au kundi lililounganishwa na wazo moja la uvumbuzi, na "vyote vinahusu harufu" si wazo la namna hiyo.

Mmetaja kwa kupita kwamba programu ndiyo iliyopendekeza viwango vya kuchanganya. Msiliache lipite kimya. Mtafiti Stephen Thaler alizunguka dunia akitaka mashine yake ya akili bandia iitwayo DABUS itajwe kuwa mvumbuzi. Afrika Kusini ilisajili mwaka 2021, ambako maombi hayafanyiwi ukaguzi wa kina. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilimkatalia mwaka 2022, na Mahakama ya Juu ya Uingereza ikamkatalia Desemba 2023: mvumbuzi lazima awe mtu. Hilo halimaanishi kwamba unga wenu hauna mvumbuzi. Linamaanisha kwamba ombi lazima liwataje watu, na kwamba watu hao wawe wamefanya kazi ya kichwa kweli. Nani alichagua viungo ambavyo programu iliruhusiwa kuchanganya? Nani aliona kwamba pendekezo la arobaini lilikuwa na maana na la thelathini na tisa halikuwa? Nani alibadilisha joto baada ya unga wa kwanza kuganda? Andikeni majibu hayo leo, yakiwa bado kichwani, yakiwa na tarehe na majina. Miaka mitano ijayo mtu atawauliza chini ya kiapo.

Umiliki nautaja kwa ufupi: kama mmoja wenu ameajiriwa, au mlitumia maabara ya mtu, someni mkataba kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa huenda mwenye uvumbuzi kisheria ni mwajiri. Na kama programu imejengwa juu ya msimbo huria, yaani maandishi ya programu yaliyotolewa kwa umma kwa masharti, someni leseni yake. Baadhi ya leseni huambatanisha masharti ya hataza.

Kwa wiki zilizobaki, kaeni na mwandishi wa hataza anayejua kemia, si anayejua sheria pekee. Mpelekeeni daftari la maabara lote, yakiwemo majaribio yaliyoshindwa, kwa sababu mara nyingi yaliyoshindwa ndiyo yanayothibitisha kwamba yaliyofaulu hayakuwa dhahiri. Ombi la unga liandikwe kwanza. Mkishapata namba na tarehe yake, mnaweza kwenda kuonyesha unga, na kuhusu programu mseme tu kwamba kifaa kinajua muda wa kubadilisha kichujio. Na kama jaribio la unyevu bado halijafanyika, lifanyeni wiki hii, kabla ya kumwona mwandishi.